Mkurugenzi wa Mitambo Mikubwa

Jumatatu, 3 Machi

Injinia wangu ameitwa kwenye usaili! Kampuni ya pampu za maji, ile yenye geti la bluu. Miezi minane tangu binti avae joho. Barua ishirini na saba, majibu mawili, yote ya pole. Sasa wamebaki wawili wanaogombea nafasi moja. Nikapita kwa jirani, Mama Benki (mwanawe yuko benki, hata kuku wake wanajua), nikaazima chumvi ambayo ninayo. Akaniuliza kama injinia bado anafua mapazia. Nikasema anapumzisha mikono kabla ya kushika mitambo. Akanipimia chumvi kijiko kimoja.

Jumanne, 4 Machi

Usaili umekwisha. Binti kasema maswali mengi kayajibu, moja kakiri halijui. Kakiri! Nilimzaa mimi huyu? Mimi na darasa la saba langu sijawahi kukiri kitu. Keshokutwa watawajaribu kwa vitendo, Ijumaa majibu. Eti tungoje tu. Kungoja ni kwa wasio na mama.

Jumatano, 5 Machi

Wazo limenijia napiga pasi. Sokoni fungu la nyanya hulitaki mpaka uone mwenzio kalishika. Basi nikapiga simu kampuni, sauti nzito, niwaambie mimi ni Mkurugenzi wa Mitambo Mikubwa na yule binti tunamtaka sisi. Katibu muhtasi akapokea, akasema shikamoo mama. Nikajibu marahaba mwanangu, hujambo, umekula? Mdomo ulikwenda wenyewe. Nikajikaza, nikaurudia ukurugenzi. Akanisikiliza hadi mwisho, mtoto ana adabu. Kisha akauliza kwa upole kama ndimi mama mzazi, maana namba hii binti kaiandika kwenye fomu, penye mtu wa kutafutwa ikitokea dharura. Nikakata.

Alhamisi, 6 Machi

Binti kajua. Katibu kamweleza alipofika kwa lile jaribio. Karudi, hakupaza sauti. Heri angepaza. Kasema: mama, nimesoma miaka minne. Wakinikataa, nitajua kwa nini. Wakinichukua, sitajua kama ni kwa kazi yangu au wamekuonea huruma wewe. Akaingia chumbani, akafunga mlango taratibu. Chai nimekunywa peke yangu. Nimeapa mbele ya picha ya marehemu baba yake: siingilii tena.

Ijumaa, 7 Machi

Amepata! Nimeimba mpaka sufuria ikaungua.

Kanisimulia yote. Kwenye jaribio waliwekewa pampu inayokohoa maji. Mwenzake akakimbilia spana, akaifungua yote. Wangu aliweka kiganja kwenye bomba, akasikiliza, akamuuliza fundi mzee ilianza lini kukohoa. Pampu ilikuwa nzima. Bomba la kuvutia maji ndilo lenye ufa, linameza hewa. Leo injinia mkuu kamwambia wamemchukua kwa mambo mawili: aliuliza kabla ya kufungua, na kwenye usaili hakujifanya anajua asilolijua. Miezi sita ya majaribio, kisha ajira kamili. Halafu akamuuliza Mkurugenzi wa Mitambo Mikubwa hajambo? Ofisi nzima ikacheka, na binti naye.

Kanikumbatia jikoni. Kasema sasa anajua ni kwa kazi yake. Nikaitikia ndiyo mwanangu, ni kwa kazi yako. Mtoto asivunjwe moyo. Ila nyanya niliishika mimi.

Mama Benki alikuja kupongeza. Akadokeza kwamba majaribio si ajira, wengi hawavuki miezi mitatu. Nikamkaribisha chai. Sukari sikuweka.

Jumapili, 9 Machi

Nimetafakari siku nzima, na nakubali nilikosea. Mambo ya mtoto hayafanywi kwa simu. Kwenye simu mtu haoni heshima yako, haoni hata umevaa nini. Kesho binti anaanza kazi saa mbili. Mimi saa moja na nusu nitakuwa pale getini, nimevaa gauni la mahafali, nimsalimie tu injinia mkuu.