Rangi ya Forosadi na Chai ya Chumvi

Jumatatu, 10 Juni

Waheshimiwa mtakaoisoma shajara hii siku ya kuzindua sanamu yangu hapa Srinagar, salaam. Leo nimeifunga rangi! Zambarau ya matunda ya forosadi, ndani ya punje za utomvu wa mwani, ndogo kama dengu. Nia yangu ni adhimu: rangi ivuke tumbo lenye asidi ikiwa imelala, iamke utumboni, ikafanye kazi yake huko. Alhamisi wakubwa wa chuo wataamua nani apewe maabara yenye dirisha la ziwani. Ama mimi, ama Daktari Shafiqa Drabu na zafarani yake. Miaka sita nimefanya kazi chini ya ngazi. Lile dirisha nalistahili.

Jumanne, 11 Juni

Majaribio. Bilauri ya kwanza: siki, mfano wa tumbo. Punje zimelala muda wa saa tatu bila kutoa hata tone. Bilauri ya pili: maji ya vuguvugu na magadi, mfano wa utumbo. Zikafunguka taratibu, zambarau ikageuka samawati, ikapanda kama moshi wa udi. Nikatazama mpaka mchana ukapita bila kuniaga. Niliona mto wa buluu ukipita gizani ndani ya mwanadamu, malango yakijifungua yenyewe. Shafiqa akachungulia, akauliza kama siku hizi nalipwa kwa kuota. Wivu huo!

Jumatano, 12 Juni

Hakuna atakayetafuna punje kavu. Zahitaji kinywaji. Chai ya chumvi, bila shaka! Ya waridi, yenye maziwa, kipenzi cha bonde zima. Nilimwendea Zeba Ded, mama anayetupikia chai tangu sijazaliwa. Akanikumbusha kwamba ule uwaridi hauji kwa dua. Yeye hutia magadi. Mwanangu, chunga, akasema. Nikamjibu kwa heshima zote kwamba chai ni mambo ya jikoni, na haya ni mambo ya matumbo. Haya, akasema, matumbo na yakusaidie.

Alhamisi, 13 Juni

Vikombe vitano. Birika la samovari likiimba. Nikamimina punje, nikasimama, nikahutubia vizuri hata nikajihurumia kwa kutokuwa miongoni mwa wasikilizaji. Nikatamka kwamba rangi hii haitaonekana na jicho la mtu, kamwe! Kwenye "kamwe" chai ikaanza kugeuka. Waridi ikawa kijivu. Kijivu ikawa samawati, rangi ya ziwa kabla jua halijachomoza. Lo, ilipendeza! Nikaelea.

Kisha mwenyekiti, Profesa Wafai, akauliza kwa upole kama hii ni chai au maji ya kufulia shuka. Zeba Ded alinisogezea kopo la magadi tu, akalifunua. Shafiqa akakoroga zafarani yake katika maziwa moto. Wakanywa. Wakaomba tena.

Dirisha limekwenda.

Jumamosi, 15 Juni

Siku mbili nimetafakari chini ya ngazi. Shafiqa alipita na funguo mpya, akasema, Kaka Altaf, meza yangu ni ndefu, njoo ukae upande mmoja, ziwa si la mtu mmoja. Nikakataa kwa adabu. Dirisha la kuazima si dirisha.

Aidha, kosa nimelibaini. Kikombe! Kikombe ni cheupe mno, hakina siri. Rangi yataka kulala ndani ya kitu kisichopitisha mwanga. Mkate! Jumatatu wakubwa watakunywa chai kwa kulcha, vile vimkate vya Sula mwokaji, na kila kulcha itabeba punje zangu. Nilifumba macho nikaona malango yakifunguka tena, wakubwa wakinishika mkono mmoja baada ya mwingine, na Shafiqa akinikabidhi zile funguo.

Sula naye, mtu wa wasiwasi, aliniuliza mara mbili kama haidhuru, maana unga wake wa kulcha huutia magadi.

Nikacheka. Nikamweleza kwa upole, kama msomi amwelezavyo fundi, kwamba magadi ni tatizo la chai.