Chandarua Kilichokwenda Kuvua

Jumatatu, 4 Machi

Nimebeba barafu tangu alfajiri. Bega la kulia halina habari na mimi tena.

Saa nne afisa uvuvi alipanda juu ya kreti pale kwenye geti la soko la samaki, akatangaza. Huyu mama tunamwita Mama Rula kwa sababu hatembei bila rula mfukoni. Anapima samaki, anapima matundu ya nyavu, iko siku atatupima na sisi. Tangazo lenyewe: sheria inakazwa. Mwenye wavu haramu, wa matundu madogo, aulete kabla ya saa sita mchana, Ijumaa tarehe 15. Hatashtakiwa. Tena atapewa wavu mpya wa halali, mmoja kwa mmoja, bure.

Bure! Na mpya!

Kifua, mbeba barafu mwenzangu, ameshapeleka wavu uliooza wa marehemu babu yake, akarudi na mwingine unaonukia dukani. Sasa ananiita "kibarua wangu". Mimi na yeye tuliajiriwa siku moja.

Mwenye wavu hukodishiwa mtumbwi. Mwenye mtumbwi habebi barafu. Nimekaa miaka mitano mbali na nyumbani, na mke wangu nilimwahidi miwili. Tatizo ni moja tu: sina wavu haramu. Watu wote hapa wamevunja sheria isipokuwa mimi, na ndiyo haya malipo ya uaminifu.

Jumanne, 5 Machi

Jibu nimelipata nikiwa nimelala chali. Lilikuwa linaning'inia juu ya pua yangu.

Chandarua! Matundu madogo kuliko ya wavu wowote. Ukikitia majini ni haramu tupu. Tunalala ndani yake watu wawili, mimi na shemeji yangu, mdogo wa kiume wa mke wangu, anayepaka rangi mitumbwi. Mama mkwe alinikabidhi huyu kama mtu anavyokabidhi yai. Nilisema nitamtunza.

Alipokwenda kazini nikakikata, nikakiunga kwa uzi wa gunia kiwe kirefu, nikafunga vipande vya ndala upande wa juu vielee na kokoto upande wa chini zizame. Kazi safi. Ningevuka darasa la sita leo ningekuwa injinia.

Jioni shemeji akauliza chandarua kiko wapi. Nikasema nimekipeleka kufuliwa. Akasema mimi ni mtu mwema. Nikageukia ukutani.

Ijumaa, 8 Machi

Aibu. Mama Rula alikishika, akakinusa mbele ya foleni nzima. Akasema kinanuka sabuni. Akauliza kimevua wapi. Nikasema sehemu nyingi. Samaki gani? Nikasema wa kila aina. Akanieleza taratibu, kama mtu anayesema na mgonjwa, kwamba serikali inabadilishana nyavu, haibadilishani matandiko.

"Hiki hakijawahi kuonana na samaki, kaka. Rudi ukalale."

Kifua alicheka mpaka akakaa chini.

Nimekificha chini ya godoro. Nilitaka nikifumue, nikitundike tena. Lakini mtu hafumui mradi wake kwa ajili ya kicheko.

Jumatatu, 11 Machi

Nimekipaka matumbo ya samaki kipate harufu, nikakianika nyuma ya nyumba. Paka watatu wamekilamba. Sasa ni safi kuliko mwanzo.

Mke wangu amepiga simu kumuulizia mdogo wake. Nimesema ananenepa. Si uongo mtupu, uso umevimba kidogo kwa mbu.

Shemeji mwenyewe ameniuliza leo, akijikuna: "Shemeji, huyo dobi anaishi nchi gani?"

Nimesema mashine imeharibika.

Alhamisi, 14 Machi

Kesho ndiyo mwisho. Harufu haiigizwi, nimekubali. Alfajiri nitakitupa majini mara moja tu, kisha moja kwa moja kwa Mama Rula. Mara moja si uvuvi, ni kukitambulisha. Nimechagua kule kwenye matete, penye mazalia ya samaki. Hapaguswi mwaka mzima, kwa hiyo hakuna atakayeniona.

Shemeji amerudi kutoka kazini mapema. Anasema viungo vinauma, na amejifunika blanketi jua likiwaka. Zahanati iko mwendo wa dakika kumi. Nimemwambia avumilie, kesho nikirudi tutakwenda wote. Amesema sawa shemeji. Huyu hajawahi kunikatalia kitu, ndiyo tabu yake.

Jumamosi, 16 Machi

Nimetoka mahabusu mchana huu. Niandike kabla sijaanza kujitetea.

Jana niliingia maji ya kiuno. Nikakokota hatua kumi, kikaja kizito, nikafurahi kama mjinga. Nikakifungua ufukweni. Hawakuwa samaki. Walikuwa vifaranga, maelfu, wembamba kuliko punje ya mchele, unaona macho tu na nyuma ya macho hamna kitu. Nikaanza kuwarudisha kwa viganja. Wachache waliondoka. Wengi wakaelea. Doria ilinikuta nimepiga magoti nawabembeleza.

Mama Rula akaletwa. Kwa mara ya kwanza sikuwa na uongo, nikamwambia nilikuja kukitia harufu. Alinitazama sana. Akakinusa.

"Sasa wameonana," akasema. Hakucheka. Akaongeza kwamba msamaha ni wa anayeleta wavu, si wa anayekutwa nao.

Nikawaambia nina mgonjwa chumbani, niacheni niende nirudi. Askari akasema kila anayekamatwa ana mgonjwa chumbani. Siku hiyo nzima, mle mahabusu, nilimwona akilini shemeji amekaa kitandani amevaa viatu, ananisubiri.

Bosi wa barafu amekuja kunidhamini. Alipomaliza kutia sahihi akanifukuza kazi.

Chumbani sikumkuta mtu. Godoro limelowa jasho. Jirani akasema Kifua alikuja jana jioni na kicheko chake kumsimulia shemeji habari za kukamatwa kwangu, akamkuta yuko sakafuni, haongei. Akambeba mgongoni mpaka hospitali. Ndiyo, Kifua.

Jumapili, 17 Machi

Malaria, na imepanda kichwani. Shemeji haongei na watu, anaongea na mitumbwi. Anaiambia isubiri rangi ikauke.

Daktari ameuliza kama mgonjwa hulala ndani ya chandarua. Nimesema kilikuwepo. Kiko wapi? Nimesema polisi. Kalamu yake ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

Mke wangu amepiga. Nimesema mdogo wake amelala. Akasema:

"Mpe simu nimsikie akipumua."

Nikaiweka karibu na mdomo wake. Tukamsikiliza sote wawili, yeye kule, mimi huku. Halafu nikamwambia yote, kuanzia kwenye kreti mpaka kwenye matete. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema mama yao asiambiwe kwanza, mpaka tujue tunamwambia nini.

Jumatano, 20 Machi

Homa imeshuka. Asubuhi amefumbua macho, akaomba maji, akauliza leo ni siku gani. Nililia mbele ya Kifua. Kifua akatazama dirishani, akasema barafu ya siku hizi ni nyepesi, mtu mmoja anaweza kuimudu peke yake. Kumbe analia na yeye.

Jumanne, 26 Machi

Mahakamani. Makosa mawili: kukutwa na wavu haramu, na kuvua kwenye mazalia. Hakimu akauliza sababu. Nikaeleza. Karani alishikwa na kikohozi cha ghafla. Hakimu akasema amehukumu wavuvi waliojifanya si wavuvi, lakini asiye mvuvi anayejifanya mvuvi haramu, huyu ni wa kwanza.

Miezi mitatu ya kutumikia jamii. Napanda upya matete niliyoyakanyaga, na kubeba maboya ya kuweka mpaka. Kielelezo kiteketezwe. Kimechomwa nyuma ya ofisi ya uvuvi nikiwa nimesimama pale. Kiliungua upesi mno. Tulikinunua kwa kuchangiana, mimi na shemeji, mwezi wa kwanza alipofika. Yeye ndiye aliyechagua rangi.

Jumamosi, 30 Machi

Shemeji amerudi chumbani. Mkanda unamzunguka karibu mara mbili. Hospitali imempa chandarua kipya chenye dawa. Nimenyanyuka nimsaidie kukitundika, akanizuia kwa mkono, akapanda kwenye kiti mwenyewe huku miguu ikimtetemeka.

"Shemeji, hiki nitakifua mimi."

Mwezi ujao akipata nguvu atarudi nyumbani. Dada yake ameshamtumia nauli, ya kwangu hakuitaja. Ningempa bega zima kama ningekuwa nalo. Nimeapa mbele ya Mungu na mbele ya huyu mtoto wa watu kwamba sitabuni jambo tena maishani.

Asubuhi Mama Rula alipita tulikokuwa tunapanda matete. Ametangaza kwamba wanatafuta mlinzi wa mazalia. Buti, koti la mvua, mshahara wa kila mwezi. Nafasi atapewa yeyote atakayefichua wavu haramu, hata kama umetelekezwa tu vichakani na hauna mwenyewe.

Hauna mwenyewe.

Sasa ni saa tisa alasiri. Shemeji amelala fofofo. Chandarua chake ni kirefu kweli, chini kinaburuta sakafuni shubiri tatu nzima. Nimepima tu, kupima si kukata. Lakini shubiri mbili zikiondoka pale chini, sioni mbu atakayejua.