Blugamu Kipara za Matisi

Jumatatu, 19 Aprili 2004
Mvua imeshika. Kitale nzima inapanda miti, na wote wananunua kwa Gicheru. Kitalu chake na changu vinatenganishwa na mtaro tu hapa Matisi. Miche yake ya blugamu, yaani mikaratusi, imefika magotini. Yangu ilikauka Februari, nilipoenda harusini Mumias bila kumwachia mtu kazi ya kumwagilia. Mke wangu Sumeya anasema ilikufa kwa kukosa mwenyewe.

Habari njema. Bwana Mukhisa wa Mabanga, kule Bungoma, ana miche mia tano anayotaka kuitupa. Nikapiga simu kuuliza kasoro. Akasema majani yana vinundu. Ati kuna nyigu aliyetoka ng'ambo, anataga mayai ndani ya jani, na watu wa misitu wameonya mche kama huo usitolewe wilaya moja kwenda nyingine. Uchomwe hapo hapo. Nyigu mwenyewe ni mdogo kuliko ufuta. Siwezi kuogopa kitu ambacho kikianguka kwenye chai nitakinywa.

Jumanne, 20 Aprili
Nimeazima pikapu ya shemeji, nimefika Mabanga saa nne. Mukhisa ni mtu mkweli, jambo ambalo lilinichelewesha. "Mimi nirikuwa naenda kuchoma hii kitu, bana," aliniambia. "Itakuwa kama ufagio. Si uache tu?" Sikuacha. Nikapanga miche chini, juu nikafunika kwa majani ya viazi vitamu, kama mtu anayepelekea ng'ombe chakula.

Njiani kurudi, pale Kamukuywa, mama mmoja akanisimamisha. Madam Jepkoech, afisa wa misitu mwenyewe. Nikaanza kumweleza ng'ombe wangu wanavyopenda majani ya viazi. Kumbe pikipiki yake imeharibika na anaomba lifti hadi Kitale. Akaketi mbele. Njia nzima alinifundisha habari za nyigu: mti unadumaa, hautoi nguzo wala kuni ya maana, na akishaingia shambani ni shida kumtoa. Akanifundisha pia kumtambua. Tazama vinundu kwenye majani, alisema. Nilimshukuru kwa moyo safi. Mpaka hapo sikuwa na mpango. Kama alama iko kwenye jani, dawa ni kuondoa jani.

Jumatano, 21 Aprili
Nimechuma majani kutwa nzima. Miche mia tano, vimebaki vijiti. Sumeya ameuliza kama nimeingia biashara ya miswaki. Nikaandika kwenye katoni: BLUGAMU KIPARA, MBEGU MPYA, INAOTA MAJANI IKISHAPANDWA. Watu watatu walisimama. Wote walikuja kucheka. Gicheru alivuka mtaro, akashika kijiti kimoja, akakirudisha taratibu, kisha akaniuliza kama nyumbani ni salama.

Ijumaa, 23 Aprili
Alhamdulillahi, mteja. Mzee Khisa wa Saboti. Ana blugamu mia tatu zilizonyooka. Akiziuza kama nguzo mwaka ujao, binti yake Joy anaingia chuo cha ualimu. Alitaka mia moja za kujazia mpakani. Alitazama vijiti vyangu kwa muda. "Kijana wangu," akasema, "hii mbegu mimi siielewi. Lakini wewe sijasikia umedanganya mtu." Akapakia, akaenda.

Nilikula chakula cha mchana kwa furaha hadi nusu ya sahani. Sumeya alikuwa ameuliza ni nani aliyenunua, nami nikamtajia. Akatoka, akarudi na kijiti. Vinundu vilikuwa kwenye shina pia. Kimoja kilikuwa kimetoboka, na kidudu cheusi kilitembea kwenye kidole gumba chake. "Baba Suad," akasema, "umepeleka huyu mdudu kwenye karo ya mtoto wa watu." Akaondoa sahani yangu.

Jumamosi, 24 Aprili
Asubuhi nimevuka mtaro, nikamweleza Gicheru yote. Nilitarajia acheke. Hakucheka. Alinitolea miche mia moja mizima kwa masharti mawili: nizibue mtaro wote, na nimwite Madam Jepkoech mwenyewe kwa mdomo wangu. La kwanza nilikubali haraka.

Nimefika Saboti kabla ya adhuhuri. Miche yangu ilikuwa kivulini kando ya kisima, bado kwenye vifuko. Mzee alikuwa ameenda mazishini jana, ndiyo maana hakupanda. Nilikuwa nimetunga hadithi kwamba nimemchanganyia na oda ya mtu mwingine. Kisha nikaiona ile miti yake, imesimama kama watoto wa gwaride, na hadithi ikanipotea. Nikamwambia miche ni migonjwa, na kwamba nilijua.

"Ulijua?"

Nikasema nilijua.

Akamwita Joy alete chai. Tulikunywa. Kikombe cha pili ndipo akasema, "Aliyerudi si sawa na asiyerudi." Halafu akanizungusha kwenye miti yote mia tatu, nitazame kila tawi ninaloweza kulifikia. Hakuna kinundu. Nikamshushia miche ya Gicheru, nikapakia vijiti vyangu, nimerudi nyumbani shingo inauma, na sahani yangu imerudi mezani.

Jumatatu, 26 Aprili
Tumechoma miche yote mia tano. Madam Jepkoech alisimamia, daftari mkononi. Akauliza niliileta Kitale lini. Nikasema Jumanne. Akauliza niliileta kwa gari gani. Nikamtazama. Akanitazama. Akafunga daftari, akasema mengine si lazima yaandikwe. Baadaye akasema kamati ya wadudu waharibifu inahitaji mtu wa Matisi anayejua ujanja wa wachuuzi. Gicheru alikohoa sana. Labda ni moshi.

Jumatano, 28 Aprili
Kikao cha kwanza cha kamati. Nimepewa barua yenye mhuri, inayosema mwenye barua hii asaidiwe popote anapopita. Madam amezungumza habari za dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi ghalani mpaka yanakuwa vumbi. Gunia lenye punje za matundu lisisafirishwe kabisa. Wenzangu walisinzia. Mimi niliandika kila neno.

Nimeulizia. Magunia ya namna hiyo Bungoma yanatolewa karibu bure. Na mahindi yakishasagwa, nani amewahi kuona tundu kwenye unga?

Naondoka kesho asubuhi. Barua iko mfuko wa shati, mhuri ukitazama nje.