Pointi Mia ya Mwaka Jana

Lundi, 3/11/2025

Wizi! Nimeanguka bila kucheza!

Asubuyi nilienda ku tereni yetu ya tenisi, kifua mbele. Niko wa kwanza tangu mwaka jana, Bunia muzima inajua. Bon, bachezaji wote tuko bane. Lakini wa kwanza ni wa kwanza, hata mu bane.

Nikafika kwa Charlotte, ule mama wa restora ya pembeni ya tereni. Mu tablo yake ya ukuta, upande wa kushoto anaandikaka chakula: sombe, bugali, samaki ya Kasenyi. Upande wa kuume, klasema yetu, nani wa kwanza, nani wa mwisho. Nikatafuta jina yangu kule juu. Haiko! Nikashuka na macho. Kamate. Fabien. Liévin. Kisha kule chini kabisa, miye, Floribert. Wa ine! Na mushale ya chaki nyekundu pembeni, kama nimechinjwa.

Nikamuuliza Charlotte nani alimulipa. Akacheka. Ati ni hesabu tu, ile ya bachezaji bakubwa ba Ulaya, anaiangaliaka mu telefone kila siku. Ati pointi inaishi mwaka moja. Turnuwa, yaani mashindano, ikirudia, pointi zake za zamani zinakufa, unatafuta zingine. Mwaka jana turnuwa ya novemba nilikamata 100. Leo turnuwa ya novemba inaanza, ile 100 imeenda. Nilikuwa na 160, nimebakia na 60. Kamate yeye mwaka jana alitolewa mbio, alipataka 20 tu. Njo leo amepoteza 20 tu! Anabakia na 100 yake ya Pasika. Kumbe mwenye kushinda njo mwenye kuazibiwa!

Nikasema ile hesabu ni ya bazungu. Charlotte akasema nisikuwe na haraka, hii ya chaki ya rangi ni klasema ya direkti, inageuka kila match ikiisha. Lundi ingine ataandika na chaki nyeupe. Ile njo ya kweli. Na wa kwanza wa lundi njo atapanda motokari ya Aru, kucheza na batu ba Uganda.

Ile motokari ni yangu. Séphora, mutoto yangu, aliolewa kule Aru. Miaka tatu sijaona uso yake, juu ya barabara na bunduki ya barabara. Na bokilo yangu Josaphat, baba ya bwana yake, ananiitaka mwongo toka siku ya mahari. Nilisha kumuambia kama champion ya Bunia anakuya. Séphora amesha kutangaza mu avenue. Mbuzi imesha kufungwa.

Mangaribi nikapita tena kwa Charlotte, nikafuta mushale na kidole. Nikazunguka tereni. Nikarudi. Amechora ingine, kubwa kuliko ya kwanza.

Mardi, 4/11

Wa kwanza! Nani alisema nini?

Leo nilicheza na Liévin. Muzee wa nguvu, lakini jicho ya kuume haioni. Mipira yote nilimutumia kuume. Watu watasema ni roho mubaya. Apana, ni sayansi. Miye tenisi nilijifunza Kilo, wakati ya migodi, niko naokotea ba injenieri mipira. Siku moja injenieri aliniachia raketi aende kukojoa. Aliporudi alikuta nimeshinda mwenzake. Alilia. Alirudi kwao Ulaya ile mwezi tu.

Mwenye kufika finale ana 50, akishinda finale ana 100, mwenye kutolewa mbele ya finale 20. Basi 60 yangu na 50, 110! Kamate hajacheza, iko na 100. Charlotte akachora mushale ya rangi ya majani, kichwa juu. Nikamuomba aikaze kidogo. Akakataa. Ati mushale haina misuli.

Nikapigia Séphora, nikamuambia baba yake ni wa kwanza. Akapiga kelele ya furaha mpaka telefone ikakoroma. Kisha bokilo akaichukua. Ati ataamini siku ataniona kule na macho yake. Nikamuambia aanze kunoa kisu ya mbuzi.

Niliketi, nikasimama, nikaenda kuangalia tablo. Mushale iko palepale. Nikaenda tena. Mama moja aliuliza kama niko nangoja samaki.

Mercredi, 5/11

Wa pili. Siku moja tu ilitosha.

Kamate amepiga Fabien, prezida wa tereni, mu match yao. Kamate anauzisha simenti na mabati, aliletaka biashara yake toka Butembo. Mifuko anabeba yeye mwenyewe, ati kwa kuchezesha damu. Miye sikuweza kuketi. Nilikuwa nyuma ya wavu, nikaenda kushoto, nikaenda kuume, Fabien akasema nikamate mahali moja, ninamuzungusha kichwa. Mupira ya mwisho Kamate alianguka na goti, akairudisha akiwa chini. Akasimama, akacheka. Mutu wa namna gani anacheka mu tenisi?

Charlotte: 100 na 50, 150. Miye 110. Mushale nyekundu. Chaki yake nyekundu haiishake!

Finale ni samedi. Nikishinda, niko na 160, yeye 150, naenda Aru. Lakini nitamushinda na nini? Kamate ana miaka makumi tano. Miye ya kwangu sijui, karatasi iliunguaka.

Prudence, bibi yangu, alisema nilale. Ati Baba Séphora, unatembea mu nyumba kama kuku ya kutafuta fasi ya kutaga. Njo kweli. Kitu iko nakuya.

Jeudi, 6/11

Nimetaga!

Sikiliza. 100 yangu ya mwaka jana inakufa juu gani? Juu turnuwa mupya inakuya kukaa mu kiti yake. Sasa turnuwa mupya isipoisha? Finale isipochezwa? Kiti haina mutu. Basi ya zamani inabakia. Champion ni champion mpaka bapate mwingine! Niko na 160. Hata Ulaya hawakufikiriaka hii.

Kusimamisha finale. Mvua? Mvua ya Bunia haina adabu, inanyesha siku ingine. Kuficha mipira? Kamate atanunua ingine. Nikatembea mpaka soko, nikarudi. Nikaona bashi, ile turubai ya kivuli, imefungwa mu avenue ya nyuma, bamama chini, radio imefungwa, batoto banakatazwa kupiga mupira.

Matanga!

Hakuna mutu anapiga mupira pembeni ya matanga. Na tereni iko nyuma ya kiwanja ya nyumba yangu. Inaomba tu mufu.

Nikachagua baba mudogo Aimé, wa Kpandroma. Mutu muzuri sana. Shida yake ni moja tu, hakuzaliwaka. Lakini Kpandroma iko mbali, rezo ya telefone inakatika, nani atauliza?

Nikaenda kwa Fabien na macho mekundu. Nilipaka kitunguu. Nilipaka mingi.

Vendredi, 7/11

Finale imesimamishwa! Fabien mwenyewe alikuya kuniambia, kofia mu mukono. Ati hawawezi kupiga mupira na miye niko nalia. Nikakubali, na uchungu.

Prudence aliniingiza mu nyumba, akafunga mulango. Aliuliza Aimé gani. Ati toka nimuoe hajasikia Aimé. Nikasema ni wa upande wa bibi ya pili ya babu. Ati babu gani alikuwa na bibi ya pili? Alikuwa karibu kunipiga na mwiko, lakini bamama ba kanisa balikuwa besha kuingia mu kiwanja na kuimba. Akatoka. Akalia. Akalia muzuri kuliko miye! Ati alikuwa analia juu ya bwana mwenye Mungu alimupatia.

Nyuma yao nani anaingia? Kamate. Bashi ku bega, biti bya kuketi bya plastiki, mufuko ya sukari. Akafunga bashi yeye mwenyewe. Akaketi pembeni yangu. Ati hataniacha peke yangu.

Samedi, 8/11

Leo njo siku ya finale. Tereni iko wazi, jua muzuri, upepo hakuna. Na miye niko chini ya bashi, mikono mu mapaja. Mufiwa hatembei! Hilo sikulifikiria. Ningependa kuenda kuangalia tablo mara moja tu. Kila nikisimama, mama tatu wanasimama kunishika, ati nisianguke. Nikarudi chini. Miguu yangu ilicheza match muzima chini ya kiti.

Baliomba picha ya marehemu. Nikatoa yangu ya ujana, ile ya koti ya kukopa. Balipitisha mukono kwa mukono, balishangaa. Ati tunafanana! Kamate aliiangalia, machozi ikamutoka. Ati huyu alikuwa mutu wa haki, inaonekana mu paji ya uso. Kweli nilikuwa muzuri.

Basi wakaomba niseme maisha yake. Nilianza kidogo tu. Kisha sijui, mudomo ilishika njia yake. Aimé alichimbaka zahabu Kilo, alitoa jiwe kama kichwa ya mbuzi, akairudisha mu shimo juu ilikuwa zito. Aimé alilishaka bayatima. Aimé alifukuzaka chui na kofia. Watu walilia, walicheka, walilia. Mwisho wakasema lazima delegasio iende Kpandroma kuweka maua. Jasho! Nikasema marehemu alikataza maua. Alikuwa na mafua ya maua. Bakalia tena.

Prudence alinipitia na chai. Aliniambia mu sikio ati Aimé alikuwa bwana muzuri, angaliolewa na yeye.

Lundi, 10/11

Ninaandika polepole.

Asubuyi tulifungula bashi. Nikaenda kwa Charlotte, kichwa chini kwa matanga, roho juu kwa Aru. Alikuwa anaandika na chaki nyeupe.

Kamate 150. Floribert 110. Fabien 100. Liévin 90.

Nikamuuliza 160 yangu iko wapi. Nikamufasiria kiti na mutu wa kukaa. Alinisikiliza yote. Kisha akasema ati pointi haiangalie turnuwa, inaangalia kalendari. Mwaka ikiisha, inaenda, finale ichezwe isichezwe. Kila mutu anabakia na fasi alifikia. Miye na Kamate tulifikia finale, 50, 50. Finale yenyewe haina wa kuikamata.

Kumbe ile mia moja ya finale njo ilikuwa njia yangu moja tu. Na miye mwenyewe niliizika.

Kamate akafika. Anachechemea. Goti iko kama papai! Ati ile mupira ya mercredi njo ilimuumiza. Vendredi asubuyi alikuwa njiani kuambia Fabien kama finale hataweza, anipatie ushindi ya bure. Njiani akasikia kilio kwangu. Akarudi kutafuta bashi.

Ushindi ya bure! 160! Bila kugusa mupira hata mara moja!

Niliketi chini, pale pa udongo. Bakazani ni uchungu ya Aimé.

Kisha Kamate akasema na ile goti Aru hataenda, siti yake iende kwa wa pili. Wa pili ni nani? Miye! Nilisimama mbio! Nilishika mukono yake, nikafungula kinywa kusema aksanti.

Fabien akakohoa. Ati hapana, Kamate, itakuwa roho mubaya kuomba mutu kitu kama hiyo. Muzee Floribert iko na matanga. Mutu mwenye kufiwa na baba kama ule, aende kurukaruka na kaptula mbele ya batu ba Uganda? Watu watasema nini? Basi kwa kumuhurumia, ataenda yeye, wa tatu. Bote bakaniangalia na huruma. Nilifanya nini? Nilikubali na kichwa.

Mangaribi nilipigia Séphora. Nilisema sikuyi. Séphora aliuliza ile babu Aimé alikuwa nani, juu habari ilifika mpaka Aru, avenue yake muzima iko nalia. Nikasema alikuwa mutu mukubwa. Akasema papa, hata bila champion ningekungoja ku barabara. Rezo ilikuwa muzuri, ni miye njo nilikatika.

Mercredi, 12/11

Motokari imeondoka asubuyi na Fabien ndani. Amevaa jezi yenye nilisha kupima. Mbuzi ya bokilo ataikula yeye, mafuta yake ipite shingo ya mwingine. Prudence ati sasa umesikia. Nikasema nimesikia.

Na kweli nimesikia! Nilitembea kutwa, tereni na soko, soko na tereni, nikafika mbele ya ile tablo, na yote ikafunguka. Kalendari haingojee mutu. Nani sasa iko na 100 yenye itakufa? Kamate! Ile yake ya Pasika! Pasika ikirudia, mia yake inaenda, turnuwa ichezwe isichezwe. Isipochezwa, hawezi kupata ingine, anabakia na 50. Ya kwangu haitakufa, Pasika iliyopita sikuchezaka. Miye 110. Nitakuwa wa kwanza na mikono mu mifuko. Ninapigia Séphora aseme kwa bokilo afuge mbuzi ingine.

Kazi ni moja tu, Pasika isikuwe na tenisi. Matanga hapana! Matanga niliacha, inafunga miguu ya mwenyewe. Safari hii ni ndoa. Ndoa kubwa, na bashi katikati ya tereni, na fanfari, juma muzima. Mufiwa anaketi, lakini rafiki ya bwana arusi anatembea fasi anataka.

Liévin ni mujane. Charlotte hana bwana, na bitumbura byake ni bitamu. Kesho saa moja naenda kumuambia Charlotte kwamba Liévin halali tena juu yake, anasema jina yake mu usingizi. Liévin mwenyewe nitamuambia nyuma.