Soketi Moja kwa Ajili ya Biubwa

Jumatatu, 3 Juni 1957, Kisarawe

Umeme umeingia! Jirani mwenye duka kanivutia waya kutoka kwenye injini yake. Taa moja, soketi moja. Nimemwalika Biubwa, mjane wa marehemu Salumu, aje kesho alasiri asikilize redio na kunyoosha buibui lake kwa pasi ya umeme. Eda yake ilikwisha mwezi uliopita, Mfungo Mosi. Moyo wangu haujatulia tangu hapo.

Jumanne, 4 Juni

Kaja, ananukia udi. Nikawasha taa, nikachomeka redio na pasi kwenye soketi ile ile, vyote pamoja, ili aone. Tap! Kimya. Fyuzi imeungua. Nikamweleza taratibu: ndani mna kijiwaya chembamba, umeme ukizidi, chenyewe hukatika kwanza, nyumba isiungue. Alinisikiliza mpaka adhana ya magharibi. Kisha buibui akalipeleka kwa Mwinyijuma, fundi cherehani, mwenye pasi ya mkaa. Mwinyijuma kanitangaza barazani: ati pasi ya Mwalimu Zahoro inatoa somo tu, haitoi moto!

Alhamisi, 6 Juni

Dawa imepatikana. Badala ya kijiwaya cha fyuzi nimekunja ile karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara. Nikamwita tena Biubwa. Vyote vikawaka! Biubwa akatabasamu. Lo, tabasamu lile! Mara harufu. Soketi ikayeyuka, ukuta ukafuka moshi. Yeye ndiye aliyekimbia kumwambia jirani azime injini. Mimi nilikuwa bado namweleza sababu.

Jumamosi, 8 Juni

Biubwa kaja mwenyewe, sikumwita. Akaketi. Akasema kesho wazee wa Mwinyijuma wanakuja kutoka Dutumi, wanakwenda kumposa yeye kwa Pazi, kaka yake. Akauliza kama mimi nina neno lolote. Ninalo! Lakini niliona anaitazama soketi mpya, nikaona nianze na hiyo. Nikamfafanulia tofauti ya kijiwaya na karatasi ya sigara. Akasubiri. Nikaongeza habari za injini. Akasema, haya Mwalimu, nimefahamu. Akaenda zake. Kiti alichokalia sijakisogeza.

Jumatatu, 10 Juni

Posa imepokelewa. Leo sikuwasha hata redio.

Baadaye: nimetafakari. Kilichomtia hofu ni soketi tu, si mimi. Nimemwendea Pazi, nimejitolea kuweka taa za harusi, za rangi, uani kote. Kakubali. Kwenye fyuzi nitaweka msumari, huo haukatiki. Biubwa akiziona zote zinawaka kwa pamoja, lazima atauliza imekuwaje. Hapo nitamweleza.