Mwalimu Harithi Alivyolitetea Tumbo la Jua kule Matambarale

Sogeeni, enyi watu wa Ruangwa, na ninyi wa Nachingwea mnaojiona mnajua yote, tegeni masikio! Nawasimulia vita vya Harithi bin Seleman, Simba wa Fizikia, mfunga tai katika jua la saa saba, aliyeutetea ufalme wake: chumba cha klabu ya sayansi, chenye dirisha moja na popo watatu.

Kwani Mzee Kipriani, mwenyekiti wa kamati ya shule, alikitaka chumba hicho kiwe ghala la salfa, dawa ya unga ya kupulizia mikorosho. Akanena mbele ya wazazi wote: "Mwalimu, unawafundisha watoto wetu yaliyomo tumboni mwa Jua. Nani alilipasua akaona? Thibitisha leo, ama kesho magunia yanaingia!"

Harithi akasimama wima. "Enyi wazazi! Jua hutetemeka! Uso wake hupanda na kushuka, kila dakika tano hivi, na mtikisiko huzama vilindini ukarudi na habari. Wataalamu huusoma, wakayajua ya ndani pasipo kupasua, kama mnunuzi agongaye chungu kujua kama kina ufa!"

Laiti angeishia kwenye Jua! Bi Mwantumu, mfinyanzi na mjumbe wa kamati, alikuwa na vyungu viwili vya kupeleka mnadani. Akamsogezea. "Haya baba, kimoja kina ufa. Kipi?"

Harithi akakikumbatia cha kwanza kifuani, akagonga. Du. Akakikumbatia cha pili. Du. Jasho likamtoka, wazazi wakacheka mpaka wakashika mbavu, na Kipriani akaagiza magunia. Shahada nzima ile, jamani, imeshindwa na udongo!

"Mwalimu nawe!" akakemea Bi Mwantumu. "Ukikikumbatia hakisemi. Kiweke juu ya ncha za vidole."

Akakiweka, akagonga. Nnnng! Cha pili: kre.

"Hiki ndicho chenye ufa!" akanguruma Simba.

"Ndicho. Na Jua nalo hakuna anayelikumbatia, ndiyo maana mmelisikia. Mimi kazi hiyo naifanya mwaka wa arobaini sasa, na chumba sijapewa."

Basi wazazi wakakubali kwamba mgongo wa nje husema ya ndani, chumba kikaokoka, salfa ikahamia ofisini kwa mwenyekiti, anapiga chafya hadi leo. Na historia imeshaandikwa, imo kwenye muhtasari wa kikao: siku hiyo Mwalimu Harithi alivumbua mbinu ya kugonga vyungu. Bi Mwantumu, asiyejua kusoma, akaweka dole gumba.