Gari la Shemeji Linajijaza Oili

Jumatatu, 9 Juni

Nimekabidhiwa gari! Karibu nikabidhiwe. Dada, mjane wa marehemu shemeji, ametangaza mezani kwamba Jumamosi Mama anapelekwa hospitali ya mbali kupasuliwa jicho, kwa gari la shemeji. Daktari akiondoka huko harudi mpaka mwakani, na Mama sasa ananitambua kwa kikohozi tu. Gari likifika salama, kasema dada, ndipo atajua funguo akae nazo nani. Nani tena? Mimi! Ndiyo maana nimehamia chumba cha uani, karibu nalo.

Profesa anadhani ni yeye. Huyo ni mdogo wa shemeji. Anauza viatu, ila miwani yake ina kamba, basi mtaa mzima unamwita Profesa. Kaniuliza mbele za watu kama nimewahi hata kugusa gari la otomatiki. Mimi! Niliyepandisha lori la matofali mlimani kinyumenyume baada ya gia zote za mbele kukataa! Nikamweleza. Mama akasema anavyokumbuka yeye kilikuwa kituta.

Jioni nimefungua boneti. Kuna vijiti viwili vya kupimia, cha oili ya injini na cha oili ya giaboksi. Wajinga huvichanganya. Mimi nilivichanganya mara moja tu. Oili ya giaboksi ni nyekundu, utadhani umechoma mshipa. Nikapima ya giaboksi, injini ikiwa imezimwa, kwa utulivu. Imepita alama! Gari limevimbiwa. Nikachukua bomba kubwa la sindano na mpira mwembamba, nikafyonza mpaka ikakaa sawa. Nilichofyonza kimo kwenye chupa chini ya kitanda.

Jambo dogo. Wakati nafunga boneti nilihisi kuna mtu kiti cha nyuma. Nikachungulia. Hakuna. Ila kioo cha dereva kilikuwa kimegeuzwa kinatazama kiti hicho.

Jumanne, 10 Juni

Nimeota shemeji anawasha gari. Anangurumisha tu, taratibu, kama mtu asiyetaka kuamsha watoto. Nikaamka mapema sana, chai ilikuwa haijapoa kabisa, nikaenda kugusa boneti.

Ya moto. Kama paji la uso la mgonjwa.

Uani kimya. Dada anafua, kanijibu salamu bila kuinua macho. Sikumwambia. Wanawake wana hofu.

Jioni nikapima. Imejaa tena! Imepita alama palepale pa jana! Nikakimbia chumbani. Chupa ipo, na oili yangu imo. Nikarudi. Kwenye komeo la boneti nikakuta kitambaa cheupe, kimekunjwa mara nne, kina doa jekundu bichi. Sasa, shemeji ndiye aliyekuwa akipangusia kijiti kwa kitambaa cheupe. Na akikikunja hivyohivyo. Na tulimzika mvua za mwaka jana.

Nimefyonza tena. Safari hii nimevaa koti. Baridi.

Jumatano, 11 Juni

Nimeota tena. Boneti ya moto tena. Imejaa tena!

Nimefyonza mchana, kisha nikaita watu waone majaribio. Profesa kaja na miwani yake. Nikawasha, nikakanyaga breki, nikaweka D, nikaachia. Gari halikwenda. Injini inanguruma, gia imeingia, gari limesimama tu. Linasubiri. Kama mtoto anayemtazama babake kwanza kabla ya kupokea pipi ya mgeni. Halafu likashtuka, kishindo, likaondoka. Kurudi nyuma, vilevile.

Profesa kasema oili imepungua. Kasema hupimwa injini ikiwa inaunguruma na ina moto, gari mahali tambarare, upitishe gia zote, urudishe P ya kuegesha, ndipo uchomoe kijiti. Nikamuuliza, "Bwana, mtu anayekimbia utampimaje kiuno?" Watu wakacheka mpaka muuza maji akashusha ndoo. Profesa akafuta miwani, akaniambia tutaonana Jumamosi. Ushindi!

Lakini nimekaa kitandani nawaza. Gari lilikuwa linamwomba nani ruhusa?

Alhamisi, 12 Juni

Leo nimeweka mtego. Adhuhuri, manyunyu, uani hakuna mtu. Nimejilaza kiti cha nyuma, vioo nimepandisha vyote, spana mkononi. Mwanaume hakimbii. Niliwahi kulala siku mbili ndani ya shina la mti na chatu, tukagawana nafasi.

Nilisinzia, lakini kijanja. Kuzinduka, vioo vimefunga ukungu, vyeupe kila upande. Sioni nyumba, sioni ukuta. Kimya kizito, hata mvua nilikuwa siisikii. Na mbele ya usukani, kwenye kioo kikubwa, ukungu umepanguswa. Duara safi, la kumtosha mtu mmoja kuona njia. Limepanguswa kwa ndani.

Kitambaa kilikuwa juu ya dashibodi. Kibichi. Kimekunjwa.

Nilitoka. Sikukimbia. Nilitoka kwa mlango uliokuwa karibu, na kiatu kimoja kikaamua kubaki.

Ijumaa, 13 Juni

Nimepata dawa! Akili hii ingepelekwa shule yote, si nusu, sijui dunia ingekuwaje.

Shemeji anajaza. Sawa. Ni gari lake, nani amkataze. Tatizo ni kwamba anazidisha. Kwa hiyo leo nimefyonza maradufu, kipimo cha leo na cha kesho. Yeye akijaza alfajiri, oili itakaa sawasawa kwenye alama! Hiyo ndiyo hesabu. Profesa na kamba yake hawezi kuifikia.

Na kuna zaidi. Nikitafuta faneli stoo nimekuta chupa mpya ya oili ya giaboksi nyuma ya unga. Hifadhi ya marehemu! Nimeitia chini ya kitanda pamoja na zangu. Mtu asije akaongeza ovyo akaniharibia.

Mama kaniita chumbani. Kanishika uso kwa mikono miwili, kaniuliza kama gari liko tayari kweli. Kasema haogopi kisu cha daktari. Anaogopa kuzikwa bila kumwona tena dada akicheka. Nikamwambia gari liko tayari. Nikakohoa, ajue ni mimi.

Jumamosi, 14 Juni

Leo sikuota. Mlango umegongwa alfajiri, kwa nguvu. Nikapiga kelele ya kumtisha adui. Ni dada, kanga aliyonunuliwa na marehemu mumewe kichwani, mikono myekundu mpaka viwikoni.

"Kaka, chupa yangu ya oili iko wapi?"

Yake!

Kumbe ni yeye. Kila alfajiri nikiwa nakoroma, dada anawasha gari, analizungusha mtaani lipate moto, analipima, anaongeza. Shemeji alimfundisha mwaka mzima kabla hajafa, na kioo anakigeuza vile kwa sababu mwalimu wake alikuwa anakaa nyuma. Hakusema. Alijua mimi na Profesa tungemkalisha chini tumhutubie. Na wiki hii nzima oili inapungua, chini hakuna hata tone. Kasema alianza kuamini mumewe anaichukua, anamwita amfuate. Kasema alikuwa anaongeza huku analia.

Nikavuta chupa zote chini ya kitanda. Akazihesabu moja moja kwa kidole. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Tukatoka. Injini ikiwa inaunguruma, mguu kwenye breki, akapitisha R, N, D, akarudisha P. Akachomoa kijiti, akapangusa kwa gazeti, akachomeka, akachomoa. Akamimina kidogo kwa faneli ndefu. Akapima. Kidogo tena. Mama kakaa kizingitini na mkoba wake, anauliza kuna nini. Nikamwambia nakagua.

Nikamuuliza dada kwa nini leo anatumia gazeti, si kitambaa.

"Kitambaa kipi?"

Kile cheupe, nikasema, unachokikunja mara nne, ulichokiacha dashibodini juzi adhuhuri. Akasimama na chupa mkononi. Kasema vitambaa vya mumewe alivichoma vyote wiki ya mazishi, kwa mkono wake. Na ndani ya gari adhuhuri haingii kabisa, kwani saa hizo anakuwa kazini. Nikafungua mlango nimwonyeshe. Kilikuwepo juu ya dashibodi. Doa bichi.

Dada alikichukua, akakinusa, akakitia kifuani. Akaketi kwenye usukani. Mama mbele, mimi na Profesa nyuma kama mizigo. Akaweka D. Gari halikusubiri mtu.

Njia nzima Profesa na mimi tulibanana upande mmoja wa kiti. Hatukusemezana kwa nini. Upande wa pili ulikuwa wazi, na baridi.

Jumatatu, 16 Juni

Tumerudi jana, na leo Mama kafunguliwa bandeji. Anaona! Kamtazama dada, dada akacheka na machozi. Kisha kanitazama mimi, kasema alidhani kikohozi kile ni cha mtu mrefu. Funguo ziko kiunoni kwa dada, na hakuna mkutano uliopangwa kulijadili hilo.

Sina kinyongo. Bila ya kufyonza kwangu, gari lingefika limevimbiwa. Hilo hawalisemi.

Tena habari zimesambaa. Mchana kinyozi wa jirani kanifuata: "Mjomba, na langu ni otomatiki, likiwekwa D linachelewa kuondoka, nisaidie." Nikavua shati. Nikazima injini, nikapima kwa utulivu. Imepita alama! Nikamfyonzea chupa mbili nzima. Likachelewa zaidi, basi nikajua moja kwa moja. Nikamvuta pembeni, nikamuuliza kwa upole ni nani aliyekufa nyumbani kwake.

Kasema kwao hajafa mtu.

Nikamwambia asubiri.